Sura ya Tano: Kabla Tumbo Halijaonekana

Huku Lurambi homa ikimshika mtu, jina lake la kwanza ni malaria. Watu hawakosei kuanzia hapo. Kaunti yetu ya Kakamega imo katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria haina msimu wa kupumzika, na kwa mama mjamzito ugonjwa huo unaweza kumpunguzia damu, kuharibu mimba au kumpa mtoto mwenye uzito mdogo mno. Ndiyo maana kliniki za hapa humpa mjamzito chandarua chenye dawa, na kuanzia wiki ya 13 ya mimba humpa vidonge vya SP, vile ambavyo kina mama wengi bado wanaviita Fansidar.

Taabu huja pale damu inapopimwa na malaria ikakosekana. Mama ana joto, viungo vinamuuma, pengine ana vipele vidogo kifuani, lakini kipimo kinasema hapana. Mara nyingi safari huishia hapo. Anarudi nyumbani Shirere au Butsotso, anapitia kwenye kemisti, ananunua dawa ya maumivu, na baada ya siku tatu homa inatulia. Hakuna anayeandika popote kwamba katika wiki ya 8 ya mimba mama huyu aliugua kitu ambacho hakikuwa malaria. Mtoto akizaliwa haoni au hasikii, familia itatafuta sababu kwa jirani, kwa mizimu au kwa mama mwenyewe. Ile homa ya siku tatu hakuna atakayeikumbuka.

Hoja yangu katika sura hii ni moja. Kwa virusi vingi vinavyodhuru mimba, jambo linaloamua ni wiki. Virusi vinavyoharibu macho ya mtoto vikiingia wiki ya 8 vinaweza kupita bila dhara wiki ya 30. Vingine hukaa kimya miezi yote vikingoja siku ya uchungu. Na hapa kwetu, wiki ambazo msaada ungefaa zaidi ndizo ambazo mama bado hajaanza kliniki.

Mimba haikuachwa bila mlinzi. Kondo la nyuma, lile ambalo mkunga hulingoja litoke baada ya mtoto, hupitisha chakula na hewa kutoka kwa mama bila damu zao kuchanganyika. Tabaka lake la nje ni la ajabu: seli zake zimeungana zikawa kipande kimoja kisicho na mpaka kati ya seli na seli, kwa hiyo virusi havioni upenyo wa kupita katikati. Virusi vingi hukwama hapo. Tabaka hilohilo huchukua kingamwili za mama na kumpelekea mtoto, hasa katika miezi ya mwisho, na ndiyo sababu mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa na kinga ya surua kwa miezi kadhaa kabla hajachanjwa. Njiti huzaliwa kabla mzigo huo haujamfikia wote.

Hata hivyo si lazima virusi vivuke kondo ili mtoto aumie. Mimba ikikua, mfuko wa uzazi husukuma mapafu juu, na moyo wa mama hupiga damu nyingi kuliko zamani. Mafua makali yakimkuta katika hali hiyo, mwili hauna akiba. Tuliliona hili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19 tarehe 13 Machi 2020. Tafiti za nchi nyingi zilikuja na jibu lilelile: wajawazito walioambukizwa walihitaji chumba cha wagonjwa mahututi mara nyingi kuliko wanawake wa umri wao wasio na mimba, na walizaa njiti mara nyingi kuliko wajawazito ambao hawakuambukizwa. Wengi wa watoto hao wenyewe hawakuwa na virusi. Waliumia kwa sababu mama zao waliumia.

Na hapa niseme neno kwa wenye kemisti. Mjamzito mwenye homa anaweza kupewa paracetamol na kuelekezwa kituo cha afya. Asipewe Brufen na dawa za ukoo wake, hasa baada ya wiki ya 20, kwani zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Mwulizeni kila mwanamke kama ana mimba kabla ya kumkabidhi dawa. Ni swali la sekunde mbili.

Aliyetufundisha kuhesabu wiki alikuwa daktari wa macho. Mwaka 1941, huko Sydney nchini Australia, Norman Gregg aliona watoto wachanga wengi kupita kiasi wenye mtoto wa jicho. Inasimuliwa kwamba kina mama waliokuwa wakingoja zamu nje ya chumba chake walikuwa wakizungumza wao kwa wao, na akawasikia wakikumbuka kuugua rubela mwanzoni mwa mimba, wakati wa mlipuko wa mwaka 1940. Gregg hakuwapuuza. Alikusanya habari za watoto 78, wake na wa madaktari wenzake, na mama 68 kati yao walikuwa na historia hiyo. Baadhi ya wakubwa wa tiba walimtilia shaka, kwa maana rubela ilijulikana kuwa ugonjwa mdogo wa watoto, vipele vya siku tatu na tezi kuvimba kisogoni. Walikuja kukubali baadaye. Mimi huipenda habari hii kwa sababu elimu ilianzia kwenye benchi la kungojea, katika mazungumzo ya wanawake ambayo daktari mwingine angeyaona kuwa porojo.

Leo tunajua kwa nini. Moyo, macho na masikio ya mtoto hujengwa katika wiki za mwanzo, wakati mama mwenyewe pengine anadhani hedhi imechelewa tu. Rubela ikiingia katika wiki 12 za kwanza, hadi watoto 90 kati ya 100 wanaoambukizwa wanaweza kudhurika: viziwi, wenye mtoto wa jicho, wenye tundu la moyo, na mimba nyingine hutoka. Baada ya wiki ya 20 madhara hayo huwa nadra. Kibaya zaidi, watu wengi wenye rubela, pengine hadi nusu yao, hawaoni kipele wala kuhisi ugonjwa wowote.

Kenya ilianza chanjo ya surua na rubela mwaka 2016. Mwezi Mei mwaka huo serikali ilipita nchi nzima kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, ikilenga watoto milioni 19, kisha chanjo hiyo ikawekwa kwenye ratiba ya kawaida, miezi 9 na miezi 18. Msichana aliyekuwa na miaka 10 akichanjwa shuleni Mahiakalo mwaka ule alitimiza 18 mwaka 2024. Sasa ndio hao wanaoanza kuja kliniki na mimba zao za kwanza, na kinga wanayo.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu chanjo hii, nami naliona kuwa zito. Kuchanja nusu nusu kunaweza kuleta hasara. Kabla ya chanjo, watoto wengi waliugua rubela wakiwa wadogo, wakapona, wakawa na kinga maisha yao yote. Ukiwachanja wachache, unapunguza mzunguko wa virusi kiasi cha wale wasiochanjwa kukua bila kuugua, wakafika umri wa kuzaa bila kinga yoyote. Ugiriki ilipitia hayo. Ilianza chanjo ya rubela miaka ya 1970 bila kuwafikia watoto wa kutosha, na mwaka 1993 ukazuka mlipuko uliowakumba vijana na wajawazito, na baada yake wakazaliwa watoto wenye madhara. Ndiyo sababu kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani liliitaka nchi iwe na uwezo wa kuwafikia angalau asilimia 80 ya watoto kabla ya kuianza.

Kwa hiyo ile dozi ya miezi 18, ambayo familia nyingi huisahau kwa kuwa mtoto ameshaanza kukimbia uani na haonekani mgonjwa, inalinda pia mimba ya jirani. Mjamzito mwenyewe hachanjwi rubela, maana chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Akishashika mimba bila kinga, ngao yake ni watoto wa wenzake.

Somo la kinyume, la virusi vinavyongoja mwisho, lilianzia Pwani yetu. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu, ikaenda Mombasa, ikavuka bahari hadi Komoro na mwaka 2005 ikafika kisiwa cha La Réunion. Kule madaktari waligundua jambo ambalo halikuwa limethibitishwa kabla. Mama aliyeugua katikati ya mimba, mtoto wake kwa kawaida alizaliwa salama. Kwa waliokuwa na virusi damuni wakati wa kujifungua, karibu nusu ya watoto waliambukizwa, na baadhi ubongo wao uliathirika. Kuwazalisha kwa upasuaji hakukuwakinga.

Virusi vya Zika navyo ni majirani zetu wa siku nyingi. Vilipatikana mwaka 1947 kwa nyani aliyewekwa kizimbani msituni karibu na Entebbe, ng'ambo ya ziwa hilihili, na kwa karibu miaka 70 vilihesabiwa kuwa homa ndogo isiyo na maana. Mwaka 2015 vikasambaa Brazil na watoto wakaanza kuzaliwa na vichwa vidogo na ubongo usiokua. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Mbu wa Zika na chikungunya huuma mchana na huzaliana katika maji safi yaliyotuama kwenye mitungi, matairi na makopo. Chandarua cha usiku hakimgusi. Mwage maji ya makopo, funika mtungi.

Nije sasa kwenye virusi ambavyo vimezifanya familia nyingi za magharibi mwa Kenya zizike watu wao. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini alitambuliwa mwaka 1984. Bila dawa yoyote, mama mwenye VVU anaweza kumwambukiza mtoto kwa nafasi ya 15 hadi 45 katika kila 100, kupitia milango mitatu: tumboni, wakati wa kujifungua na kwenye maziwa. Jinsi milango hiyo ilivyofungwa mmoja baada ya mwingine ni kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa hapa Afrika Mashariki, na kina mama waliokubali kushiriki ndio walioifanya iwezekane.

Jijini Nairobi, kati ya mwaka 1992 na 1998, Ruth Nduati na wenzake waliwafuatilia kina mama 425 wenye VVU, nusu wakinyonyesha na nusu wakitumia maziwa ya kopo. Kufikia miaka miwili, karibu watoto 37 kati ya 100 wa waliopangiwa kunyonyesha walikuwa wameambukizwa. Kwa waliopangiwa maziwa ya kopo walikuwa karibu 21. Lakini vifo vya watoto katika makundi hayo mawili havikutofautiana sana. Kopo liliwaepusha na virusi, maradhi mengine yakawachukua. Mwaka 1999, Hospitali ya Mulago jijini Kampala ilionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama akiwa na uchungu, na dozi moja ya maji kwa mtoto, kilipunguza maambukizi karibu nusu. Kisha Kisumu, mwendo mfupi kusini mwa Lurambi, watafiti wakawapa kina mama dawa tatu kwa pamoja mwishoni mwa mimba na miezi sita ya kunyonyesha. Katika umri wa miezi sita, watoto walioambukizwa walikuwa 5 kati ya 100. Mama aliweza kunyonyesha, na mtoto akaishi.

Tangu mwaka 2014 mwongozo wa Kenya ni kwamba mama mjamzito au anayenyonyesha akikutwa na VVU anaanza dawa mara moja na kuendelea nazo maisha yake yote. Anayetumia dawa vizuri, virusi vikashuka hadi kutoonekana kwenye kipimo, nafasi ya kumwambukiza mtoto inakuwa ndogo sana. Kwa nini basi takwimu za kitaifa za mwaka 2022 na 2023 bado ziliweka maambukizi ya mama kwa mtoto juu ya asilimia 5?

Sehemu kubwa ya jibu ni wiki. Jaribio moja lililofanyika Uganda na Afrika Kusini, likachapishwa mwaka 2020, liliwachukua kina mama walioanza dawa wakiwa wamepita wiki ya 28. Waliopewa dolutegravir, dawa iliyo bora na ya haraka, 74 kati ya 100 virusi vyao vilikuwa vimezimwa walipojifungua. Kwa dawa ya zamani walikuwa 43. Dolutegravir ilishinda. Hata hivyo watoto watatu wa kina mama waliopewa dawa hiyo bora walizaliwa na VVU, na watafiti waliona kwamba waliambukizwa tumboni, pengine kabla mama hajameza kidonge cha kwanza. Dawa nzuri haiwezi kurudi nyuma.

Kuna na wale waliopimwa mwezi wa nne wakaambiwa wako salama, kisha wakaambukizwa mwezi wa saba. Maambukizi mapya hujaza virusi damuni kwa wingi, na mtoto yumo ndani. Ndiyo sababu mama hupimwa tena mimba ikiwa kubwa na tena akiwa ananyonyesha. Sista akisema, "Mama, leo tutakupima tena," hashuku tabia yako. Mume naye aje apimwe. Wanaume wa Butsotso wanaoleta wake zao kliniki kwa bodaboda na kubaki langoni wakilinda pikipiki, nawaomba waingie ndani.

Kina kukhu, yaani kina bibi, nao nawaomba jambo. Mjukuu wa mwezi mmoja akilia, uji na maji ya vuguvugu humfika haraka kutoka jikoni kwa bibi, kwa mapenzi kabisa. Tafiti za Durban na Zimbabwe zilionyesha kwamba mtoto wa mama mwenye VVU anayechanganyiwa maziwa ya mama na vyakula vingine katika miezi ya mwanzo huambukizwa zaidi kuliko anayenyonya tu. Miezi sita, ziwa peke yake. Na mama anayetumia Septrin kwa sababu ya VVU asichanganye na ile SP ya malaria. Hizo ni dawa za ukoo mmoja na zikikutana zinaweza kumdhuru. Asifiche dawa anazotumia, hata akiwa kliniki ya ugenini.

Homa ya ini aina ya B haina sauti kubwa kama VVU, na huo ndio ubaya wake. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida mwili huvishinda virusi vyake. Chini ya 5 katika 100 hubaki navyo. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa, 90 katika 100 hubaki navyo maisha yote, na miaka 30 au 40 baadaye wengine hufa kwa ini kunyauka au saratani ya ini. Chanjo iko. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 2009 kwamba kila mtoto apewe dozi ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Ratiba ya kawaida ya Kenya, tangu chanjo hiyo ilipoingizwa mwaka 2001 ndani ya ile ya pamoja ya magonjwa matano, huanzia wiki ya 6. Kwa mtoto aliyeambukizwa njiani akizaliwa, wiki sita ni kuchelewa. Mama akipimwa mapema na virusi vyake vikawa vingi, anaweza kupewa dawa ya tenofovir kabla ya kujifungua ili kumkinga mtoto. Lakini lazima awe amepimwa.

Mbona basi kina mama huchelewa? Nimesikia sababu zao, na nyingi ni za haki. Mimba changa haitangazwi, jicho la watu ni baya. Msichana wa shule anaficha. Mwingine anaogopa kipimo cha VVU kuliko ugonjwa wenyewe, maana anajua nyumba gani atarudi nayo majibu. Na nauli ni nauli. Kuanzia mwaka 2013 serikali ya kaunti chini ya gavana Wycliffe Oparanya ilijaribu kuitatua hii ya mwisho kwa mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto: mama maskini anayehudhuria kliniki, akajifungulia kituoni na kumpeleka mtoto chanjo alilipwa kwa awamu sita, shilingi 2,000 kila awamu. Mwaka 2017 kaunti ikautungia sheria. Nauona kuwa mojawapo ya mawazo bora yaliyotoka Kakamega, kwa sababu ulimchukulia mama kuwa mtu mwenye hesabu zake. Fedha za wengine si za kutegemewa: Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wengi wa huduma za VVU nchini walijikuta nje ya kazi kwa siku chache tu.

Dada unayesoma haya ukiwa Sheywe, Shirere au popote Lurambi: Shirika la Afya Duniani linataka ziara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Hedhi ikikosa, usingoje mtoto acheze. Nenda wiki hiyohiyo, omba damu yako ipimwe VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B, na ukipata homa ambayo si malaria, mwambie sista aiandike tarehe yake kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Nanyi waheshimiwa wa bunge la kaunti, mkikaa tena kwenye bajeti, tengeni fedha za dozi ya homa ya ini B ndani ya wodi ya kujifungulia, mtoto aipate kabla hajatoka hospitalini.